Majivu Kwanza, Maji Baadaye

Siku yangu ya kwanza kazini mtoto alinitapikia. Nilikuwa nimevaa sketi ya kijivu niliyoshonewa kwa ajili ya siku hiyo, nimesimama mbele ya watoto thelathini na wawili wa darasa la awali, naimba wimbo wa vidole niliofundishwa chuoni. Mtoto mmoja wa mstari wa mbele aliacha kuimba, akanitazama kama anayetaka kuuliza swali, kisha uji wake wote wa asubuhi ukaishia juu ya viatu vyangu. Nikapiga kelele. Watoto nao wakapiga kelele kwa sababu mwalimu wao amepiga. Nikakimbilia ndoo ya maji iliyokuwa pembeni, nikainyanyua nimwage sakafuni.

"Weka hiyo ndoo chini, Mwalimu."

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke mfupi, amejifunga kitenge juu ya gauni, mkononi ameshika kopo la bati lililojaa majivu. Hakuharakisha. Alinyunyiza majivu mpaka matapishi yote yakafunikwa, akamfuta mtoto mdomo kwa pindo la kitenge, akamwambia, "Pole, baba. Tumbo limeukataa uji leo." Akampeleka nje, akamkalisha penye upepo. Aliporudi akaniambia mimi, kwa sauti ile ile aliyomwambia mtoto, nivue viatu. Majivu yalikuwa yamenywa majimaji yote. Aliyakusanya kwa kipande cha boksi, mithili ya mtu anayezoa unga uliomwagika, pakabaki alama tu, nayo aliifuta kwa tambara mara moja.

"Majivu kwanza, maji baadaye," alisema. "Ukianza na maji umeyapa miguu. Yatatembea mpaka chini ya kila dawati."

Alikuwa mhudumu wa shule yetu, shule ndogo ya awali ya kanisa huku Nyakatuntu, wilaya ya Kyerwa. Kwa miaka tisa tuliyofanya kazi pamoja sikusikia mtu akimwita kwa jina. Walimu tulisema Mhudumu, watoto walisema Bibi, na yeye mwenyewe akijitambulisha kwa wageni alisema, "Mimi ni yule wa usafi," kisha akawatazama viatu.

Chuoni nilifundishwa saikolojia ya mtoto, nyimbo, michoro na namna ya kuandaa somo. Hakuna aliyeniambia kwamba mtoto wa miaka mitano anavuja. Anavuja puani, machoni, mdomoni na kwingineko, na kile asichokitoa mwilini mwake anakiokota nje akaja nacho ndani. Hayo nilifundishwa na Mhudumu. Alinifundisha bila kuniita pembeni wala kunikalisha chini. Alikuwa akifanya, mimi nikiangalia.

Kilichonitesa zaidi mwaka ule wa kwanza kilikuwa utomvu. Huku kwetu kila nyumba imezungukwa na kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloanzia mlangoni, na sijaona mtoto anayeweza kupita kwenye mgomba bila kuugusa, kuuchubua au kuukumbatia. Utomvu ukiwa mbichi hauonekani. Kesho yake shati jeupe lina mabaka ya kahawia, keshokutwa meusi. Akina mama walikuwa wakizichemsha nguo kwa sabuni kwa hasira, na zilizidi kuwa mbaya. Mhudumu yeye alikuwa na chupa ndogo ya mafuta ya kupikia mfukoni mwa gauni. Akimwona mtoto ametoka migombani, alimvuta karibu, akampaka mafuta pale penye unyevu, akayasugua kwa kidole gumba, akamwacha aende kucheza. Jioni alimwambia mama yake, "Hapo pana mafuta. Anza na sabuni ya mche, maji yafuate, halafu juani." Mama akifanya hivyo siku hiyo hiyo, doa lilitoka. Asipofanya, Mhudumu alitikisa kichwa. "Doa likilala na nguo usiku mmoja limeshafunga ndoa. Utalitoaje tena?"

Tope jekundu la masika aliliacha likauke kabisa ndipo alipolipigapiga kwa mswaki mkuukuu. Nilipoanza kusugua kaptula ingali na tope bichi aliniuliza kama nataka liingie vizuri zaidi. Damu ya goti alikuwa akiiosha kwa maji baridi na chumvi. Maji ya moto, alisema, yanaipika damu kwenye uzi. Mtoto akichora ukutani kwa mkaa, alileta tonge la ugali uliolala, akalibonyeza na kulivingirisha juu ya mchoro mpaka mkaa wote ukahamia kwenye tonge, na ukuta haukuwa na haja ya maji. Siku mama mmoja wa Kibingo alipokuja na mkasi kumkata binti yake nywele kwa sababu ya bazoka ya kutafuna iliyonasia kwenye mabutu, Mhudumu alimnyang'anya mkasi, akauficha chini ya ndoo, akakaa na mtoto magotini na ile chupa ya mafuta. Ilimchukua muda wote wa mapumziko. Mtoto alisinzia. Bazoka ilipotoka aliiweka kwenye kiganja cha mama, akamrudishia na mkasi wake.

Alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja: dawa yoyote usiyoweza kuilamba, usiiweke mahali mtoto anapotambaa. Nilimwona akilamba, kweli, maji ya limau aliyokuwa anafutia meza, huku mkaguzi kutoka wilayani anamtazama. Dawa za chooni na mafuta ya taa alivifungia kwenye sanduku juu ya kabati, na ufunguo alikaa nao shingoni penye ushanga.

Mkaguzi yule namkumbuka kwa jambo jingine pia. Katoto kamoja kalimshika suruali kwa mikono yote miwili, mikono yenye uji. Mkaguzi akatoa leso.

"Usifute, mheshimiwa," Mhudumu alimwambia. "Kaa. Uache ukauke, utapukutika wenyewe."

Mheshimiwa akakaa. Alikaa karibu saa nzima kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika kidevuni, anasubiri uji ukauke, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya akasikiliza somo langu lote, jambo ambalo nina hakika hakuwa amelipanga. Mwishoni Mhudumu aliipiga suruali kwa mswaki mara tatu. Mheshimiwa aliangalia, akacheka, akaandika katika ripoti yake kwamba shule inahitaji viti vya wageni.

Nisije nikamchora kama malaika. Kwa watu wazima alikuwa na ulimi. Mwalimu mkuu, mwanaume mpole aliyependa makaratasi, aliambiwa mbele yetu sote kwamba ofisi yake ni chafu kuliko darasa la wadogo, na wale wadogo angalau wana sababu. Kanisani alikuwa Mlutheri wa kila Jumapili lakini sidhani kama aliusikia mstari hata mmoja wa mahubiri, maana macho yake yalikuwa chini, yanafuatilia maganda ya karanga. Hakupenda kelele. Hakupenda kushikwa mkono na mtu mwenye mkono wa maji. Alikuwa na wivu na tambara lake. Mtu mwingine akilitumia, aliweza kununa mpaka siku ya pili.

Tena alikuwa mwongo. Siku za mwanzo jambo hili lilinisumbua, mimi niliyetoka chuoni na maadili ya ualimu kwenye daftari. Mama akija kumchukua mtoto akakuta shati limelowa chai, Mhudumu alisema, "Nimemmwagia mimi, mama, nisamehe." Kikombe kikivunjika, amekivunja yeye. Kurasa za daftari zikichanika, amezikalia. Wazazi wa Nyakatuntu na Isingiro walikuwa wakiambiana kwamba yule mama ni mwema lakini mikono yake haina nguvu, kila kitu kinamponyoka. Mimi nilikuwa najua mikono ile. Iliweza kubeba ndoo mbili kutoka kwenye tangi mpaka darasani bila kudondosha tone.

Hivyo mwaka wangu wa pili, alipomwaga ndoo nzima ya maji katikati ya darasa, nilijua papo hapo kwamba hakujikwaa.

Mwaka huo tulikuwa tumempokea mtoto mmoja wa kike aitwaye Koku, wa miaka mitano, msafi, mtulivu, mwenye sauti ndogo sana. Kiswahili alikuwa bado hajakizoea. Nyumbani kwao walisema Kinyambo tu. Siku nyingi, muda mfupi kabla ya saa sita, chini ya benchi lake palikuwa na maji. Alikuwa hasemi wala halii. Alikaa vile vile, mikono mapajani, anatazama ubao. Wenzake walipogundua walitunga wimbo: Koku ameleta mvua. Waliuimba kwa furaha tu, bila ubaya wa kikubwa, lakini niliona shingo ya yule mtoto ikizama mabegani. Nilikemea, wakaacha mbele yangu, wakaendelea uwanjani.

Mama yake akaja kuniaga. Alisema anamwondoa mpaka mwakani, akue kwanza.

"Nyumbani hakojoi hata tone, Mwalimu," alisema, na alikuwa amekasirika kama mtu aliyeonewa. "Usiku kucha kitanda kikavu. Akija hapa ananiaibisha. Nimemchapa, nimechoka kumchapa."

Mhudumu alikuwa anafuta kioo cha dirisha nyuma yetu. Akageuka. "Nipe wiki mbili, mama," alisema. "Mlete wiki mbili tu. Hutaambiwa tena habari ya mvua."

Jumatano ya wiki hiyo, saa tano na nusu, nikiwa nahesabu na watoto vizibo vya soda, nilimwona Koku amekaza mikono. Kabla sijafikiria la kufanya, Mhudumu aliingia na ndoo ya kupigia deki, akapiga hatua tatu, akaanguka kwa goti moja, na ndoo yote ikaenda. Maji yalipita chini ya mabenchi yote ya mbele. Watoto kumi na tano wakalowa miguu, sketi, kaptula, wakaruka juu wakipiga vigelegele.

"Mawe, mama yangu! Miguu yangu mie!" Mhudumu alilia. "Nimewalowesha wote! Haya tokeni, tokeni juani mkauke!"

Wakatoka mbio, wote wamelowa, na Koku yumo katikati yao, hatofautiki na mwingine yeyote. Aliruka nao. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiruka.

Wiki iliyofuata ndoo ikamwagika tena. Mara ya tatu maji yalivuka mlango wa pili na kuingia chini ya kabati la ofisi, yakalowesha madaftari mapya ya kanisa na rejista ya mahudhurio. Mwalimu mkuu, ambaye sijawahi kumwona amekasirika kabla ya hapo, aliandika barua ya onyo: ikitokea tena, atatafutwa mhudumu mwingine. Akaniita mimi nitoe maelezo, kwa kuwa nilikuwepo mara zote tatu.

Mhudumu alinisubiri penye tangi la maji.

"Utasema nini?"

"Nitasema kweli, Mama. Ulikuwa unamsitiri Koku."

"Basi utakuwa umemwaga wewe." Hakuwa na hasira, alisema kama anayenionyesha doa nililoliruka. "Mwalimu mkuu atamwambia mkewe, kwa nia njema kabisa. Mkewe ataliombea kwenye jumuiya. Jumapili mtoto anaingia kanisani, kila mtu anamtazama sketi. Sema mhudumu amezeeka, miguu imechoka. Si uongo mkubwa hivyo."

"Watakufukuza."

"Bado. Hili ni onyo tu."

Nikaenda nikasema miguu imechoka. Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa. Najua tu kwamba Mhudumu alipoletewa barua asaini, aliomba kalamu, akasaini taratibu, kisha akafuta meza pale kalamu ilipovuja wino.

Mchana huo alimshika Koku mkono wakaenda kukaa juu ya jiwe karibu na choo. Nilikuwa natoka bustanini nikawasikia. Waliongea Kinyambo, Mhudumu akiuliza kidogo na kusikiliza sana. Alimuuliza nyumbani choo chao kikoje. Alimuuliza hiki cha shule kikoje. Mtoto alinong'ona kwa muda mrefu.

Kumbe, kama Mhudumu alivyonieleza baadaye, Koku hakuwa mgonjwa wala hakuwa mchanga. Alikuwa anaogopa shimo. Tundu la choo chetu lilikuwa limekatwa kwa kipimo cha mtu mzima, na miguu yake haikuweza kukanyaga pande zote mbili kwa usalama. Alisema ukitoa sauti pale shimo linakujibu, na alikuwa na hakika ataingia. Wenzake wote walikuwa wanaliogopa pia. Wao walikuwa wanakwenda nyuma ya darasa, migombani, na sisi walimu hatukuwa tunajua. Lakini Koku alikuwa ameambiwa na mama yake asijisaidie migombani kwa watu, na yeye alikuwa mtoto wa kutii. Hakwenda chooni kwa woga na hakwenda migombani kwa utii. Akabaki kwenye benchi.

Siku mbili baadaye Mhudumu alikuja amebeba ubao mpana kichwani. Ulikuwa ubao wa rafu ya jikoni kwake, umeingia masizi upande mmoja. Fundi seremala wa jirani, ambaye wajukuu zake walikuwa darasani kwangu, aliukata tundu dogo katikati, akaupigia miguu mifupi na mshikio wa kujishikia. Mhudumu aliusugua kwa mchanga mpaka ukawa laini. Akaita watoto wote, akauweka juu ya shimo, akausimamia yeye mwenyewe na uzito wake wote, akarukaruka.

"Mmeona? Bibi haingii. Nani ataingia?"

Walipanga foleni hata wasiokuwa na haja. Koku alikuwa wa nne. Tangu wiki hiyo sakafu yangu ilikuwa kavu, na ule wimbo wa mvua ulikufa kwa sababu hapakuwa na wa kuimbiwa. Mama yake alileta mkungu wa ndizi, akaniletea mimi. Nikauhamishia kwa Mhudumu.

Mwalimu mkuu aliuona ubao ule siku moja alipokuwa akikagua vyoo. Aliutazama sana, na namjua, hakuwa mjinga. Aliuliza nani ameuleta. Nikasema yule wa usafi. Barua ya onyo ilibaki kwenye faili, lakini muhula uliofuata aliagiza ubao wa pili kwa choo cha wavulana. Koku sasa yuko sekondari. Ni mrefu kuliko mimi, na sauti yake siku hizi inasikika kutoka barabarani.

Hadithi hii nilimsimulia binti wa Mhudumu, Krismasi moja alipokuja kumsalimia mama yake. Yeye ameolewa Omurushaka, wilaya ya Karagwe. Nilidhani atafurahi. Alicheka kwa pua.

"Huyo unayemsema mimi simjui, Mwalimu. Mama yangu alinichapa kila godoro lilipolowa, mpaka nikafika darasa la nne. Alinisimamisha nje kando ya godoro, watu wakipita kwenda kisimani waone."

Nilikaa na maneno hayo kwa wiki kadhaa. Halafu siku moja, tukiwa tunaanika mikeka ya watoto, nikamuuliza. Nilitumaini atakana.

"Ni kweli," Mhudumu alisema. Aliendelea kunyoosha mkeka. "Watoto wanne, godoro moja, maji bondeni. Nilidhani fimbo inakausha." Akachukua mkeka mwingine. "Niliyoyajua yote kuhusu kusafisha mtoto nimeyajua baada ya wangu kukua. Nimejifunza kwa kuwakosea wao."

"Umewahi kumwambia?"

"Mtu anamwambiaje, mwanangu? Ana watoto wake sasa. Nampelekea ndizi."

Ndizi zilikuwa zinakwenda, kweli; kila gari la kuelekea Omurushaka lililopita kwetu lilikuwa na mkungu wake. Binti alizipokea na kushukuru kwa simu, na yote yakaishia hapo, mwaka baada ya mwaka.

Kisha yakaja mambo ya bluu. Mwanzoni Mhudumu alilalamikia sabuni. Alisema sabuni za siku hizi ni unga wa mhogo, hazing'arishi, mashati meupe yanabaki na umanjano. Akaanza kuongeza bluu ya kufulia kwenye maji ya kusuuzia. Akaongeza tena. Siku ya sherehe ya watoto kanisani aliomba azifue sare zote yeye mwenyewe, na Jumapili darasa langu liliingia kwa maandamano, watoto thelathini, mashati yao rangi ya anga la kiangazi. Waumini walikohoa. Mchungaji akasema watoto wetu wameletwa wakiwa tayari wamevikwa mbingu, watu wakacheka, na Mhudumu aliyekaa kando yangu akaninong'oneza kwa uchungu, "Unaona? Bado zina umanjano."

Tulipotoka nilinyoosha vidole mbele yake nikamuuliza ni vingapi. Alinikemea kwamba yeye si mtoto wa awali. Lakini hakunitajia idadi.

Daktari wa macho aliyekuja kituo cha afya alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba anapaswa kufanyiwa upasuaji. Mhudumu alikataa. Alisema amelea watoto wa kila aina, na huyu naye ni mtoto, atakaa naye. Wote tulicheka na yeye akafurahi kwamba tumecheka, maana ilimwepusha kusema anaogopa kisu. Mwaka uliofuata aliacha kazi. Binti yake alikuja kumchukua. Niliwaona wakipanda gari, binti akimwelekeza mguu kwenye ngazi, hawasemeshani zaidi ya "hapa" na "asante."

Mwaka jana binti akanipigia. Alisema mama amekubali, wameshamfanyia jicho la kulia, njoo umwone. Kisha akasema jambo jingine, na sauti ikabadilika. Asubuhi ya kwenda hospitali, akiwa anamfunga mama yake kitambaa kichwani, mama alimshika mikono yote miwili, akamwambia habari ya godoro. Alisema yote, hadi majina ya waliokuwa wakipita kwenda kisimani. Alisema, "Nilikukosea wewe, na nikaenda kuwatendea mema watoto wa watu. Nisamehe kabla hawajanilaza."

"Ukamjibuje?" nikauliza.

"Nilimwambia tutachelewa." Akacheka, huku analia. "Lakini njiani nilimlalia begani, Mwalimu. Mtu mzima mimi, mpaka tunafika."

Nilifika Omurushaka Jumamosi mchana. Mvua za mwanzo zilikuwa zimenyesha juma lile na kibanja chote cha nyuma ya nyumba kilikuwa kinanukia maua ya kahawa. Mhudumu alikuwa amekaa kwenye benchi barazani, gauni jipya la kitenge cha njano, miwani myeusi usoni. Amekonda. Mikono, ambayo sikuwahi kuiona imetulia, ilikuwa imetulia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Aliinua kichwa. "Simama hapo hapo ulipo, mwanangu. Usisogee."

Akavua miwani, akalifumba jicho la kushoto, akaniangalia kwa lile la kulia kuanzia juu mpaka chini, bila haraka.

"Una kovu juu ya nyusi," alisema.

"Ni la tetekuwanga. Ninalo tangu utotoni."

"Miaka yote hiyo! Kwanza nilikuangalia viatu, mwishoni nikabaki nakuona sauti tu." Akarudisha miwani. "Na umenenepa. Vizuri."

Binti yake alileta chai, akaketi karibu naye, bega kwa bega, akamrekebishia ukosi wa gauni bila kuacha kuongea na mimi. Mhudumu akamwacha arekebishe. Alinisimulia yale ambayo ameyaona tangu bandeji itoke: kwamba paa la jirani lina kutu, kwamba kuku wa binti yake ni wekundu na yeye alikuwa akiwaita weusi, kwamba ndani ya nyumba hii ukuta una alama za vidole kuanzia mlangoni mpaka chumbani, na binti yake akainamisha kichwa akacheka. Kisha Mhudumu akasimama, akasema anataka kuyaona maua ya kahawa kwa karibu, maana mwaka juzi aliyanusa tu.

"Daktari alisema usiende kwenye vumbi," binti alimwonya.

"Imenyesha. Vumbi liko wapi?"

Tukateremka polepole. Alisimama mbele ya mti wa kwanza. Maua yalikuwa yamefunika matawi yote, yamesongamana, meupe. Hakuyagusa. Nilimsikia akivuta pumzi.

Ndipo mjukuu wake mdogo, kasichana ka miaka mitatu hivi, kakatoka nyuma ya migomba kanakimbia. Kalikuwa kanachezea tope kwenye mfereji, mikono myekundu mpaka viwikoni. Kakapita katikati yetu, mama yake akakaita kwa jina, hakakusikia, kakafika kakamkumbatia bibi yake mapajani kwa nguvu zake zote, kakamwachia, kakakimbia tena kuelekea kwa kuku.

Kwenye kile kitenge cha njano, juu kidogo ya goti, pakabaki kiganja chekundu.

Binti akasema, "Mama yangu, gauni lako!" Nami mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni unatafuta leso.

Mhudumu alituzuia wote wawili kwa kuinua kiganja. Alivua miwani. Akalinyanyua pindo la gauni kwa ncha za vidole, akalileta kwenye mwanga, akaliangalia kwa muda mrefu.

"Vidole vyote vitano," alisema. "Hata hiki cha mwisho. Tazameni kilivyo kidogo."